Dawa ya Nyayo za Bibi Quitéria

Lagoa das Pedras, 8 Juni 1986

Shangazi Dalvanira,

Kutoka hapa mpaka Sobral hakuna daktari anayenifikia. Wawili nimeshawapita, na mmoja wao ana cheti ukutani. Mbuzi wa Mzee Anfrísio alikuwa na chuchu zimeoza, watu wameshaanza kunoa kisu. Nikampaka dawa yangu, siku ya tatu akanipiga pembe ya tumbo. Niambie, ni mgonjwa gani wa huko São Paulo anayetoka kwa daktari ana nguvu za namna hiyo.

Bibi yuko hapa kwenye kiti chake, ananiuliza, "Umeshamsalimia?" Nimemwambia ndiyo. Basi shikamoo, usinifanye niwe mwongo. Sisi wazima. Mvua ilikuwa nzuri, maharage tumepata. Baba bado yuko machimboni Pará, na mkono wake umesahau kuandika. Mimi nimeingia kwenye kiwanja cha nta, nakata majani ya mkanauba, ule mtende unaotoa nta, na bosi anasema hajawahi kuona mtu wa miaka kumi na saba anayeongea sana hivi huku anafanya kazi.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka nilipokuwa na miaka saba, homa ikanikaza shingo, na wewe ukawa umeshakata kitambaa cheupe cha kunizikia. Bibi akamwahidi Mtakatifu Fransisko kwamba nikipona atatembea peku mpaka Canindé. Nikapona, kama unavyoona, tena nikazidi. Ila ukaja ukame, ukaja msiba wa Babu, ahadi ikangoja miaka kumi. Mwaka huu Bibi amesema anakwenda. Siku nne njiani, afike sikukuu ya tarehe nne Oktoba. Kanzu ya kahawia ameshashona, na kamba ya kiunoni ameshasokota.

Tatizo ni nyayo. Magaga yake yamepasuka mpaka unaona nyama, na katikati ya vidole kuna usaha. Nesi wa zahanati alimpa vidonge, vikaisha, usaha ukarudi. Nimechukua majani ya alekrim-pilipili, kile kichaka cha nyuma ya zizi ambacho ukitafuna jani lake ulimi unawaka, nikayaloweka kwenye gongo ya miwa siku tisa. Nikampaka. Alinipiga teke. Mguu mbovu, teke zima. Watu wote hapa wanasema hiyo ndiyo dalili, dawa isiyochoma ni maji tu.

Wewe unakaa kwenye duka la dawa kutwa. Niambie nizidishe nini ili ichome vizuri zaidi.

Josivan, daktari


São Paulo, 29 Juni 1986

Josivan,

Marahaba. Msomee mama salamu zangu kwanza, polepole, halafu umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kuwa na mpwa kama wewe.

Huku manyunyu na baridi. Mama Ivete, mwenye nyumba, amenipa blanketi la pili. Kazini siku hizi sioshi chupa tena, Bwana Nakahara amenihamishia meza ya marhamu. Kwa hiyo ninachokuambia sikukiota.

Acha gongo. Leo, si kesho. Alekrim inaua vijidudu, hilo ni kweli, hata Bwana Nakahara anaijua. Lakini dawa ni mzigo, na mzigo unahitaji punda wa kuubeba. Gongo ni punda mwenye kichaa. Inakausha ngozi, inaifungua, halafu inaingia na mzigo wote mara moja mpaka ndani. Hapo haichomi vijidudu, inamchoma mama. Ukitia matone yaleyale kwenye mafuta ya kondoo, mafuta yanayashika na kuyaachia kidogo kidogo. Mzigo uleule, punda mwingine, na ngozi inakaa kimya. Kuchoma siyo dalili ya kupona. Kuchoma ni ngozi inalalamika.

Sasa fanya hivi. Pata mafuta ya jani lenyewe, si majani yaliyolowekwa. Chora viduara vitatu kwenye mkono wako, upande wa ndani chini ya kiwiko. Matone sawasawa kila kimoja. Cha kwanza kwa gongo, cha pili kwa maji ya sabuni, cha tatu kwa mafuta ya kondoo. Siku mbili. Uniandikie ulichokiona, si ulichotaka kukiona.

Mkono wako, Josivan. Si wa mama, wala wa jirani. Wala mbuzi.

Shangazi yako


Lagoa das Pedras, 27 Julai 1986

Shangazi,

Barua yako nimemsomea Bibi. Nilipofika kwenye punda mwenye kichaa alicheka mpaka akavua miwani, ile isiyo na kioo kimoja. Akasema, "Dalvanira anamjua vizuri, amemwandikia kwa jina." Nadhani alikuwa ananisema mimi.

Mafuta ya jani nimeyapata. Mzee Anfrísio ana mtambo wa gongo, nikamwomba niutumie kupikia majani.

"Mtambo wangu utanuka dawa," akasema.

"Gongo yako inanuka tairi, Mzee. Utakuwa umepata faida."

Alinifukuza, nikarudi kesho yake na kikapu cha mayai ya Bibi, akakubali. Gunia zima la majani, Shangazi, nikapata kichupa kisichozidi kidole gumba. Lakini ukifungua kizibo, hata nzi wanatoka nje kwa heshima.

Haya, viduara. Nimeandika nilichokiona. Cha gongo, mchana wa siku ya kwanza kilikuwa chekundu kama pilipili, usiku kinawaka, siku ya tatu ngozi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Cha sabuni kiliniwasha, nikajikuna, kikawa na vipele sita. Cha mafuta ya kondoo hakikufanya kitu. Nikadhani nimesahau kutia dawa, nikarudia kwenye mkono mwingine. Kimya tena. Nakubali, umeshinda. Usizoee.

Nikampaka Bibi dole gumba la mguu wa kushoto tu, la majaribio. Siku kumi, usaha ukakauka. Sasa nampaka miguu yote asubuhi na jioni, anaketi mlangoni ameinyoosha juani kama malkia. Magaga ya kulia yameanza kujifunga.

Kiwanjani wananicheka. Nimempaka mwenzangu Gildásio kidonda cha panga, akaniangalia. "Hii haichomi," akasema. "Kwa hiyo umenipaka mboga." Wiki iliyofuata kidonda kimefunga, na bado anasema kilijifunga chenyewe kwa aibu.

Jambo moja linanisumbua. Mafuta yanayeyuka kwenye joto na kushika mchanga. Barabara ya Canindé ni vumbi na changarawe siku nne, na Bibi hataki kusikia habari ya viatu, ahadi ni peku. Nimefikiri hivi. Mimi nipo kwenye nta kutwa. Nimpake dawa, halafu juu yake nimpake nta ya mkanauba iliyolainishwa, ikauke, ikae kama unyayo wa pili. Si kiatu, mtakatifu hawezi kulalamika. Hakuna mtu duniani amewahi kuliwaza hili.

Na nimeanza kuchonga mguu wa mbao wa kuuacha kanisani kwa shukrani. Una vidole sita kwa sasa, nitapunguza.

Josivan


São Paulo, 24 Agosti 1986

Josivan,

Nimefurahi sana, na sitaki uone nimefurahi sana. Bwana Nakahara amesoma habari ya viduara vyako, akasema mtoto huyu ana macho. Nimekaza uso nikasema ana mdomo pia.

Mwambie mama nilikohoa wiki mbili lakini nimepona. Tabu ni kwamba Mama Ivete amenunua kasuku, anamwita Meya, na Meya amejifunza kikohozi changu. Sasa mimi nimepona lakini nyumba bado inakohoa. Jana jirani alileta chai ya asali, akampelekea kasuku.

Mguu wa mbao huchongwa baada ya kupona, si kabla. Uweke chini.

Sasa nisikilize. Usifunike dawa hiyo kwa nta. Nimemuuliza Bwana Nakahara ili usiseme ni maneno yangu. Mafuta ya kondoo ni mapole kwa sababu ngozi iko wazi, sehemu ya dawa inapaa hewani. Ukiifunika, kwa plastiki, kwa kiatu cha mpira au kwa nta, unaifungia ndani pamoja na joto na jasho. Haina pa kwenda isipokuwa kwenye ngozi. Punda mpole uliyemfungia chumbani atapiga mateke kuliko yule mwenye kichaa. Njiani aoshe miguu kila kituo, aikaushe, apakwe kidogo, iachwe wazi. Ikishika mchanga, aoshe tena. Ni kazi, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Msomee mama mstari huu mara mbili.

Shangazi yako


Lagoa das Pedras, 21 Septemba 1986

Shangazi,

Bibi anasema pole kwa kikohozi na anauliza kama huyo Meya amebatizwa. Mimi nauliza kama anapiga kura, maana hapa tuna meya anayejua kukohoa tu. Barua yako nimemsomea, akairudisha kwenye bahasha mwenyewe, akaiweka chini ya picha ya mtakatifu.

Miguu, Shangazi, ungeiona. Usaha hamna. Magaga yamefunga yote isipokuwa moja la kisigino cha kulia, jembamba kama uzi. Jana alitembea peku mpaka kisimani na kurudi, akaniambia nibebe ndoo kwa sababu yeye anafanya mazoezi. Ni mwaka wa kwanza namwona anaruka kidimbwi.

Tunaondoka tarehe 30, alfajiri. Watu kumi na wanne kutoka hapa, na mimi ndiye daktari wa msafara, kwa uteuzi wangu mwenyewe. Nimebeba mafuta, kichupa, na vitu vingine vya kazi. Mengine yote niachie mimi.

Josivan


Lagoa das Pedras, 19 Oktoba 1986

Shangazi,

Salamu kutoka kwa Bibi. Hali nzuri. Anakula.

Hatukufika Canindé.

Siku ya kwanza alitembea mbele ya wote, akiimba, vijana wanamwomba apunguze mwendo. Siku ya pili mchana alinyamaza. Nikamuuliza, akasema jua. Siku ya tatu, saa nne, nikaona anakanyaga kwa ukingo wa mguu. Nikamkalisha kwenye ukingo wa barabara, nikabandua ile nta niliyompaka. Ilitoka na ngozi, Shangazi. Si yote. Chini yake malengelenge yamepasuka, nyama nyekundu kama ile duara yangu ya gongo, mara kumi.

Barua yako ya kunikataza nta ilichelewa. Posta ya hapa unaijua. Nimeikuta tuliporudi.

Wenzetu walitaka kusimamisha lori limpeleke Canindé afikie kanisani, mtakatifu angeelewa. Akakataa. "Sikuahidi kufika," akasema, "niliahidi kutembea." Akavua kamba ya kiunoni, akaifunga kwenye nguzo ya uzio wa ng'ombe, fundo la kukazwa kwa mikono miwili. Akamwambia mchunga ng'ombe aliyekuwa pale, "Hii usiifungue. Mimi narudi kuanzia hapa."

"Lini, Mama?"

"Nikipata miguu."

Ndipo akakubali kupanda lori, la kurudi nyumbani.

Nesi anamsafisha kila siku kwa maji ya chumvi, hakuna kitu kingine. Mimi natwanga majani ya kiwanjani na sisemi sana. Gildásio ameniuliza kama naumwa.

Josivan


São Paulo, 9 Novemba 1986

Josivan,

Mpe mama habari zangu. Mwambie nimemwashia mshumaa, na nimelia, na sasa nimemaliza kulia. Mwambie nguzo yake naiona kama nipo.

Nesi anafanya sawa. Asipakwe chochote mpaka ngozi mpya ifunge yote, hata kama ni wiki sita. Halafu mafuta ya kondoo matupu wiki moja, bila tone la dawa. Kisha ule mchanganyiko wako wa mwanzo, nusu ya matone, wazi. Jaribu kwanza mahali padogo kama ulivyofanya kwenye dole gumba. Ulifanya vizuri pale. Usisahau kwamba ulifanya vizuri.

Bwana Nakahara anasema hata yeye ana marhamu mbili zenye dawa ileile, moja kwa watu na nyingine kwenye pipa la taka, na tofauti yake ni mafuta tu. Alisema hivyo kunifariji.

Meya anaendelea kukohoa. Nilikuandikia habari za Meya mara moja tu, kwenye barua ya Agosti, ileile ya nta. Wewe ukaniuliza tarehe 21 Septemba kama anapiga kura.

Sikuulizi kitu.

Shangazi yako


Lagoa das Pedras, 7 Desemba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Leo hakuna mtu aliyenikumbusha.

Kwanza miguu, kwa sababu ndiyo unayoingoja. Ngozi mpya ilifunga tarehe 14 Novemba, ya waridi kama ya mtoto. Wiki ya mafuta matupu tumeimaliza. Nikajaribu nusu ya matone kwenye kidole kidogo cha kushoto, siku nne, kimya. Sasa nampaka nyayo zote, wazi, na kila jioni naziosha kwenye beseni, nazikausha kidole kwa kidole. Bibi anasema hata bwana harusi wake hakumfanyia hivi. Amekwishatembea mpaka kisimani mara tisa, mara mbili na ndoo.

Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, tunakwenda na lori la nta mpaka kwenye nguzo. Mchunga ng'ombe ametuma salamu kwamba kamba ipo, ndama alijaribu kuila akachapwa. Kutoka pale mpaka Canindé ni siku moja na nusu. Tutatembea mbili. Nimeandaa maji madebe mawili ya kubebwa na punda, punda wa kweli, naye atapanda lori, na tutaosha kila tutakapopumzika. Nta sijabeba hata ya mshumaa. Mguu wa mbao nimeuacha rafuni, bado una vidole sita, hauna haki ya kwenda popote.

Sasa Meya. Barua yako ilifika tarehe 18 Septemba. Nilisema uongo kuhusu posta, na karani wa posta nilimpita jana nikashindwa kumwangalia.

Niliusoma mstari wa nta nikiwa nimesimama palepale posta. Nikasema moyoni, Bwana Nakahara hajawahi kuona mkanauba, ataniambia nini kuhusu nta. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kiwanjani. Gildásio alikuwa ameshaacha kunicheka. Nilitaka tufike Canindé watu wote wana magaga, Bibi peke yake ana nyayo nzima, waulize nani kafanya, aninyooshee kidole. Unadhani hilo ndilo kosa lenyewe, na kwenye barua yako umeninyamazia vizuri. Lakini lipo lingine, wewe huwezi kulijua, na Bibi hawezi kulijua.

Jioni ile nilimsomea barua. Kikohozi, kasuku, chai ya asali, akacheka. Mguu wa mbao, akacheka. Nikafika kwenye "usifunike". Nikanyamaza. Miguu yake ilikuwa kwenye mapaja yangu, nimeshaipaka, inang'aa. Nikaruka mistari yote ile nikaanzia kwenye "Shangazi yako".

Akaniuliza, "Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia, "Mwandiko wa Shangazi mbaya, hapa hapasomeki."

Akaichukua karatasi, akaisogeza kwenye taa, akaiangalia muda mrefu, yeye asiyejua hata herufi moja. Halafu akasema, "Maskini, atakuwa aliandika akiwa amechoka." Akaikunja akaiweka chini ya picha.

Alitembea siku mbili na nusu juu ya ile nta akiamini kwamba mimi na wewe tumekubaliana. Angejua, angekataa. Yeye husikiliza maneno yako kuliko ya padri.

Barua nimeitoa chini ya picha, ipo mfukoni mwangu. Jumamosi tukifika kwenye nguzo, kabla hajafungua fundo, nitamsomea yote, na ule mstari mara mbili kama ulivyoagiza. Akitaka kutembea na mtu mwingine, punda na maji nitamwachia huyo, mimi nitafuata nyuma kwa mbali. Nimekuandikia wewe kwanza na barua naiweka posta leo, ili nikifika pale nisiwe na njia ya kurudi.

Mwandiko wako ni mzuri, Shangazi. Haujawahi kunishinda hata herufi moja.

Josivan